Kolsaini si maandishi ya daladala

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, na radhi naiomba mapema kwa urefu. Mama watoto alisoma nilichoandika mara ya kwanza akasema hiyo si barua, ni ripoti ya tume. Nimepunguza nilipoweza.

Jumamosi mbili zilizopita ukurasa wenu wa teknolojia uliwafundisha vijana kubadili majina ya ndege kwenye ile michezo ya kompyuta ya kurusha ndege. Yalikuwa maelezo mazuri, hatua kwa hatua, mpaka mwandishi alipofika kwenye jina la mwito, lile ambalo rubani na mnara wa kuongozea ndege huitana kwalo redioni, yaani kolsaini. Hapo akamaliza kazi kwa maneno manne: "Hapa andika lolote upendalo." Chini yake mkaweka picha ya ndege yenye usajili unaoanza na N, yaani ndege ya Marekani.

Hilo "lolote upendalo" ndilo lililoniamsha kitini. Daladala unaweza kuiandika lolote upendalo. Andika "Mtaji wa Maskini", andika "Wenye Wivu Wajinyonge", jaza kioo chote cha nyuma, abiria atapanda tu maana anachotafuta ni njia inakokwenda. Jina la mwito halisomwi na abiria. Linasikika, tena linasikika ndani ya mikwaruzo, na anayelisikiliza ana ndege nyingine tano masikioni, na huenda Kiingereza si lugha ya mama yake wala ya mama yako.

Mimi si rubani wala sikuwahi kukaa mnarani. Nilikuwa karani wa uwanja wa ndege hapa Mwanza, kwenye shirika letu la ndege, kuanzia 1979 hadi 1996. Kazi yangu ilikuwa lodishiti, ile karatasi inayojumlisha uzito wa ndege tupu, mafuta, abiria, mabegi na maboksi ya sato, halafu inamwambia rubani kama ndege itanyanyuka, na ikinyanyuka itakuwa imekaa sawa au imeinamia mkia. Redio ya mkononi ilikuwa kiunoni kutwa nzima. Kolsaini, kama tulivyoziita uwanjani, nimezisikia mpaka nikawa naziota.

Mjukuu wangu yuko kidato cha pili. Mjomba wake wa Dar es Salaam alimpa kompyuta ya mtumba yenye Flight Simulator X, mchezo wa Microsoft uliotoka mwaka 2006, kwa hiyo mchezo wenyewe ni kaka yake mkubwa. Mimi sikuujali. Nilidhani ni mambo ya kupigana risasi. Mpaka siku moja ya likizo ya Juni akaniita: "Babu, njoo uone walichoandika humu ndani."

Alikuwa ameingia kwenye folda ya ndege moja, akafungua faili linaloitwa aircraft.cfg, faili la maandishi matupu, unalifungua hata kwa Notepad. Nikavaa miwani. Nikaona mstari unaoanza na atc_id. Chini yake atc_airline. Halafu atc_flight_number, atc_heavy, atc_parking_codes.

Mhariri, nilisimama. ATC! Air Tanzania Corporation! Herufi zilizokuwa kwenye kitambulisho changu na kwenye karatasi yangu ya mshahara. Nikamwambia kijana: hawa Wamarekani wana adabu, wametukumbuka. Nikampigia simu mzee mwenzangu niliyekuwa naye zamu moja miaka ile, nikamsomea mistari yote mitano. Akanyamaza kidogo, akauliza: "Mzee mwenzangu, umeshakula?"

Ni mjukuu aliyenifafanulia, kwa upole, akijizuia kucheka mbele yangu, kwamba ATC ya humo ni ile ya mnara, uongozaji wa ndege kwa Kiingereza. Kila mstari wenye herufi hizo unaueleza mnara wa mchezo ukuiteje. Bibi yake alikuwa jikoni na alisikia yote. Tangu siku ile chai ikiwa tayari husema redioni, yaani kwa kukunja kiganja mdomoni: "Eitiisii, Eitiisii, njoo mezani."

Lakini sikuwa nimekosea kabisa. Kwenye orodha ya shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, kila shirika la ndege lina kifupi cha herufi tatu, na kifupi cha Air Tanzania mpaka leo ni hicho hicho, ATC. Kwenye mpango wa safari inaandikwa ATC na namba. Redioni rubani hasemi herufi hizo. Anasema "Tanzania", kisha namba. Na mojawapo ya zile Boeing 737-200 zetu mbili za mwanzo, niliyoijazia lodishiti sijui mara ngapi, usajili wake ulikuwa 5H-ATC. Nikamwambia mjukuu aandike. Mstari ukasomeka atc_id=5H-ATC, na sauti ya mnara ikamwita: Faivu Hoteli Alfa Tango Chali. Mimi nikatoka nje kidogo kuangalia kuku.

Nirudi kwenye ukurasa wenu. Katika mchezo huu wa 2006 huhitaji hata kugusa faili kama unataka kubadili ndege moja. Pale unapochagua ndege kuna kitufe cha maelezo yake. Ukikibonyeza unakuta nafasi ya herufi za usajili, orodha ya majina ya mashirika, nafasi ya namba ya safari, na visanduku viwili: kimoja cha kuongeza neno "Heavy", kingine cha kuonyesha usajili kwenye mwili wa ndege. Faili unaligusa ukitaka jina libaki humo daima, au ukitaka rangi tofauti za ndege ile ile ziwe na majina tofauti. Hapo mwandishi wenu alisahau kuwaonya watoto mambo mawili. Kwanza, wanakili faili kabla ya kuligusa. Pili, kila rangi ya ndege ina kichwa chake chenye namba, fltsim.0, fltsim.1, fltsim.2, na namba hizo lazima zifuatane. Mjukuu wangu aliandika fltsim.3 mara mbili, na ndege moja ikatoweka kwenye orodha. Tuliitafuta kuanzia saa nane mchana mpaka umeme ukakatika.

Jina la kwanza alilochagua lilikuwa Simba. Nilimwambia mimi ni Yanga tangu kabla mama yake hajazaliwa, na kwenye nyumba hii hakuna ndege itakayoitwa hivyo. Akaandika kwa siri. Mchezo wenyewe ukaniamulia ugomvi: mnara uliendelea kumwita kwa herufi za mkiani, kana kwamba hakuandika kitu. Sababu ni kwamba sauti ya mnara katika mchezo ule ni maneno yaliyorekodiwa na watu, neno moja moja, halafu kompyuta inayaunga. Neno ambalo hakuna mtu aliyelitamka studio halipo. Wametia mashirika ya kubuni, kama Orbit, Pacifica na World Travel, na majina mengine ya kweli, lakini Simba hakutamkwa. Wapo wapenzi wa mchezo waliotengeneza programu ya kuongeza majina kwenye hiyo sauti, na kijana anaijua. Nimemwambia ajaribu, ila aanze na Yanga.

Sasa kile kisanduku cha "Heavy". Hapa Mhariri uniachie, maana uzito ndio uliokuwa ugali wangu.

Mjukuu alikiwekea alama kwenye Boeing 737-800. Kila mnara ulipomwita ukamalizia kwa "Heavy", naye akawa anatabasamu kama aliyepandishwa cheo. Vijana wanadhani ni sifa, kama kuitwa bosi. Nikamuuliza: ndege yako ikijaa kabisa ina uzito gani? Hakujua. Tukatafuta: tani 79 hivi. Nikamwambia neno hilo ni la ndege ambazo uzito wake wa juu kabisa wa kuruka ni tani 136 au zaidi. Wewe hujafika hata tani 80. Ni kama mtu wa baiskeli anayepiga honi ya lori.

Na neno lenyewe halikuwekwa kwa ajili ya fahari. Ndege inapopaa, kwenye ncha za mabawa yake upepo hujisokota na kubaki nyuma kama vimbunga viwili vilivyolala, na kadiri ndege ilivyo nzito ndivyo vimbunga hivyo vinavyokuwa na nguvu. Ndege ndogo ikiingia humo inaweza kupinduliwa. Ndiyo maana rubani wa ndege nzito hulitaja neno hilo anapoongea na mnara kwa mara ya kwanza, ili mnara uweke nafasi ya kutosha kwa anayefuata nyuma. Ile Boeing 787-8 ya Air Tanzania iliyotua Dar es Salaam Julai 2018, yenye usajili 5H-TCG, inastahili kuitwa "Heavy", maana inaweza kuruka na tani 228 hivi. Zile Airbus A220 zilizoanza kuja Desemba mwaka ule ule hazistahili, ingawa nazo ni nzuri na zinang'aa. Airbus A380 ina neno lake la peke yake, "Super". Mjukuu akaniuliza kama wanaweza kumpa hilo. Nikamwambia aondoe alama kwenye kisanduku kabla sijamwita bibi yake.

Aliiondoa. Kisha akafungua karatasi akaanza kuniuliza lodishiti inajazwaje, na hapo ndipo nilipoanza kuupenda mchezo huu. Siku hizi hapai kutoka Mwanza bila kunionyesha hesabu ya mafuta.

Kuna kosa langu moja nataka kulisimulia, kwa sababu ndilo lililonifundisha habari ya majina. Ilikuwa miaka ya themanini mwanzoni. Tulikuwa na ndege za Fokker Friendship, zile za pangaboi mbili zenye madirisha makubwa ya duara dufu, na mbili kati yake zilitofautiana herufi moja tu ya mwisho: moja M, nyingine N. Asubuhi hiyo niliuliza kwa redio ipi inakuja. Aliyenijibu alifupisha, hakusema "Mike" wala "November", alisema herufi tu, kama mwalimu wa darasa la kwanza. "Em," akasema. Au "En." Mimi nilisikia nilichotaka kusikia. Nikatoa karatasi ya ile yenye M, nikaanza na uzito wake tupu, nikajumlisha abiria, mabegi na samaki, kila kitu sawasawa. Ikatua ile yenye N.

Watu wa nje hudhani ndege mbili za aina moja zina uzito mmoja. Hazina. Kila moja hupimwa kivyake na ina namba yake tupu, maana moja imebadilishwa viti, nyingine ina jiko tofauti, nyingine imepakwa rangi juu ya rangi. Ilibidi nianze hesabu upya abiria wakiwa wameshasimama juani, na rubani, mtu wa makamo aliyekuwa hapandishi sauti kamwe, akasimama kando yangu akiangalia saa yake na kuniachia aibu yote nibebe mwenyewe. Hakuna aliyeumia wala ndege haikukaribia hatari yoyote. Lakini tangu siku ile sikuwahi kukubali herufi tupu kutoka kwa mtu.

Alfabeti ya redio ya sasa, ile inayoita A Alfa, M Mike na N November, ilianza kutumika mwaka 1956 kwa sababu hiyo hiyo. Waliichagua kwa kuwajaribu watu wa lugha mbalimbali, wakaona maneno gani yanaeleweka hata redio ikikwaruza. Angalieni hata tahajia: Alfa imeandikwa kwa f na si kwa ph, Juliett ina t mbili mwishoni, ili asiyejua Kiingereza asiisome vingine. Tisa inaitwa "niner" ili isichanganywe na tano. Na sisi ambao ulimi wetu wakati mwingine hauchagui kati ya r na l, tungefanya nini bila Romeo na Lima? Nimewahi kumsikia mtu akitaja herufi hizo mbili mfululizo bila alfabeti hiyo. Ilikuwa kama anaimba.

Majina ya mashirika nayo yamechaguliwa kwa sikio. Kenya Airways redioni ni "Kenya", na sisi ni "Tanzania", majirani wawili wasio na makuu. Uganda Airlines wao wanaitwa "Crested", kwa ajili ya yule korongo mwenye kishungi aliye kwenye bendera yao, na lazima nikiri jina lao ni zuri kuliko letu. Halifanani na la mtu mwingine yeyote angani. South African Airways ni "Springbok". British Airways ni "Speedbird", jina lililotokana na nembo ya ndege anayekwenda kasi iliyochorwa mwaka 1932 kwa ajili ya Imperial Airways. Na hao Imperial Airways, vijana wa Mwanza hawaambiwi, mwaka 1931 walipofungua njia yao ya barua kutoka London kuja Afrika, njia hiyo iliishia hapa hapa kwetu, ziwani. Kwa hiyo anayeandika "Speedbird" kwenye mchezo wake huku akipaa Mwanza hajakosea sana.

Hata jina zuri halitoshi, namba nayo ina makosa yake. Januari 2009, ndege ya US Airways iliyopoteza injini zote mbili baada ya kugonga ndege wa porini juu ya New York ilikuwa na jina la mwito "Cactus 1549". Rubani wake, Sullenberger, mtu mwenye maelfu ya saa angani, alipotoa mwito wa dharura alisema 1539. Mwongoza ndege naye akawa anamwita 1529. Namba tatu tofauti kwa ndege moja, ndani ya dakika chache. Wote 155 waliokuwa ndani walinusurika ndege ilipotua mtoni Hudson, na waliokuwa redioni waliendelea kuelewana, kwa sababu "Cactus" ilisikika vizuri hata pale tarakimu zilipoteleza. Mjukuu wangu nimemsimulia habari hii mara mbili. Ndiyo iliyomfanya aache kutumia namba ya safari 11111, aliyoiona nzuri kwa macho. Jaribu kuitamka kwa haraka, Mhariri, halafu uniambie umesema moja ngapi.

Kwa sababu intaneti ya kifurushi huisha haraka, anacheza zaidi akiwa peke yake. Ila ameshapata mchezo mwingine, FlightGear, ambao hutolewa bure na watu wanaojitolea, na siku za wikiendi huingia mtandaoni akaruka pamoja na wengine. Huko jina la mwito ndilo kitambulisho chako, linaelea juu ya ndege yako kila mtu aone. Na lina mpaka: herufi na tarakimu saba, basi. Hapo kuna somo la Kiswahili ambalo sikulitegemea. Alianza na "Kilimanjaro": herufi kumi na moja, haikuingia. "Serengeti", tisa, haikuingia. "Mwanza1" ikaingia pung! Nikaona kumbe mji wangu umeumbwa kwa kazi hii. Dodoma inaingia, Tanga inaingia, Bukoba na Mtwara zinaingia na tarakimu inabaki. Wa Sumbawanga watafute kifupi.

Huko ndiko nilikoona pia matunda ya "lolote upendalo". Kuna kijana alikuwa akizunguka juu ya uwanja mmoja na tusi la Kiswahili juu ya ndege yake, akidhani hakuna anayelielewa. Babu wa watu kavaa miwani anamsoma kutoka Mwanza. Mjukuu aliona haya kuliko mimi, akafunga dirisha. Nilitamani kujua mwenzake huyo anaitwa nani nyumbani kwao.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi, kwenye mtandao wa VATSIM ulioanza mwaka 2001, ambako mnara si kompyuta bali ni mtu wa kweli, mahali fulani duniani, anayejitolea jioni yake kukuongoza. Huko watu wawili hawawezi kuingia kwa jina moja kwa wakati mmoja, na jina lako litatamkwa na binadamu. Mjukuu anataka kwenda. Nimemwambia kwanza azoee kurudia maelekezo aliyopewa, neno kwa neno, na asijikatie jina mwenyewe. Katika kazi hii rubani hafupishi jina lake mpaka mnara ufupishe kwanza. Kama ilivyo mtaani tu: jina la utani unapewa, hujipi.

Wakati wa Krismasi tulikwenda Dar es Salaam kwa mjomba, ambaye ana kompyuta ya nguvu na ule mchezo wa Microsoft wa mwaka 2020. Picha zake sizielezi, nitakosa maneno. Nilimwomba apite juu ya Kisiwa cha Saanane nikanyamaza. Lakini akiwa ameanza tu, mnara ukamwita kwa herufi ASXGS. Mjomba mtu mzima, mwenye digrii, alikuwa akiruka miezi minane kwa jina hilo bila kujua ni la nani. Ni herufi ambazo mchezo huja nazo kama hujagusa kitu. Mjukuu wangu alisogeza kiti, akaingia kwenye sehemu ya kurekebisha ndege, akafuta, akaandika 5H na herufi tatu, akajaza jina la shirika na namba ya safari, vyote viwili. Kisha akamwambia mjomba wake, kwa sauti ninayoijua maana ni yangu: "Mjomba, hii A320 usiiwekee Heavy."

Kwa hiyo ombi langu, Mhariri, ni dogo. Mkirudia makala ile, muweke mfano wenye 5H. Wakenya wana 5Y, Waganda 5X, sisi 5H, zote zinaanza na tano kama ndugu waliolala kitanda kimoja. Enzi za East African Airways, kabla haijafa mwaka 1977, ndege za shirika lile moja zilikuwa na zote tatu. Muwaambie watoto wasimame katikati ya chumba, walitamke jina walilochagua kwa sauti mara tatu, na mtu aliye chumba cha pili aandike alichosikia. Sisi ndivyo tunavyofanya. Aliye chumba cha pili ni bibi, na jina lisilopita kwake halipandi ndege.

Juzi lilikataliwa "Radi". Aliandika "Ladi", akauliza ni mwanamke gani huyo.

Karani mstaafu wa uwanja wa ndege,
Mwanza